Kilo Hamsini na Sita

Bukarest, Jumatano, 19 Novemba 1986

Mdogo wangu Silviu,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu Aneta, na umbusu Mama mkono kwa niaba yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Jumatatu tarehe 24 watu wawili watafika ghalani kwako kukagua mizani na vitabu vya kupokelea mahindi. Aliyesema ni mhariri wangu, Ndugu Ghimpu, leo saa nne asubuhi. Alinisimamisha kwenye ngazi, hakuniita ofisini. Hakutaja wanatoka wapi, nami sikumuuliza. Nimeanza na hilo ili ulijue hata kama utakatizwa kusoma.

Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi hii? Mwambie mfuko wa unga wa mahindi aliouleta Filofteia ulifika salama, na ugali wake wa mamaliga niliula siku nne. Hapa mabomba ya nyumba yanapata joto saa mbili kwa siku, kwa hiyo naandika nikiwa nimevaa koti. Usinijibu kwa posta. Barua hii anakuletea Filofteia mwenyewe, akiwa ameishonea kwenye bitana ya koti lake la ukondakta wa treni. Ukishaisoma itie jikoni motoni, kisha Aneta akoroge majivu.

Ilianza hivi. Mwezi wa tisa Ndugu Ghimpu aliniagiza makala ya ukurasa mzima: miaka ishirini ya nafaka ya taifa, uzalishaji upande mmoja, matumizi upande wa pili, msomaji aone tulikotoka na tulipofika. Nambari zote zilikwishachapishwa katika vitabu vya takwimu vya kila mwaka. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga tu. Nikaweka safu ya mavuno, kisha mbegu, kisha chakula cha mifugo, kisha kilichouzwa nje, kisha mkate na unga tunaokula sisi. Safu ya mwisho ilikuwa ya kinachobaki.

Hadi mwaka 1978 kilichobaki kilikuwa kidogo na cha kuaminika, kama akiba ya mama wa nyumbani. Kuanzia 1979 kikaruka. Kufikia mwaka jana, kwa hesabu ile, tulikuwa na akiba ya kulisha nchi nzima mwaka na nusu bila kupanda punje. Bi Zamfira, anayetupigia chapa, aliinua vidole kwenye mashine akaniuliza nafaka hiyo imelala wapi, maana kwake haijapita hata kumsalimu. Asubuhi ile ile, kwenye foleni ya mkate, mzee mmoja alikuwa amesema redio imetangaza mavuno yamepanda tena. Mwanamke wa mbele yake akamjibu bila kugeuka, “Yamepanda kweli, baba, yamepanda hadi mikono yetu haiyafikii.” Watu walicheka kwa pua, kisha kila mtu akatazama viatu vyake.

Nilirudi kwenye vitabu. Katika kitabu cha 1980 nilikuta tanbihi ya mstari mmoja, kwa herufi ndogo kabisa: tangu mwaka uliotangulia mahindi yanapimwa yakitoka shambani, mabichi na pamoja na magunzi yake. Katika kitabu kilichofuata tanbihi ilikuwa imeondolewa na nambari zimebaki. Yaani kwa miaka saba tumekuwa tukihesabu maji na magunzi kuwa chakula, kisha tukijilinganisha na miaka ya punje kavu.

Hapo ndipo nilipokupigia simu, kama unavyokumbuka, nikakuuliza kilo mia za mahindi ya shambani hutoa punje kavu kilo ngapi. Ukacheka, ukaniuliza kama gazeti la wakulima linafundishwa kazi na mpima mizani. Wiki iliyofuata Filofteia akaniletea kadi yako: zinaingia mia, zinatoka hamsini na sita. Nikaishusha kila nambari ya mahindi kwa kipimo hicho, kuanzia 1979. Safu ya mwisho ikawa sifuri, na miaka miwili ikawa chini ya sifuri. Foleni ya mkate ikawa na maelezo.

Najua utaniuliza kwa nini niliandika. Sikukusudia ichapishwe. Nilitaka kuona miaka ikilinganishwa kwa mizani moja, basi. Lakini pale gazetini tuna desturi: kila nambari isiyotoka kitabuni hubandikwa uthibitisho wake nyuma ya ukurasa, kwa pini. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Mkono ulifanya wenyewe. Nilibandika kadi yako nyuma ya jedwali, nikaenda kunywa chai ya maua, na niliporudi Ndugu Ghimpu alikuwa amepita kukusanya makala.

Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Aliniambia, “Dada Leontina, mimi nilikuagiza upike mamaliga, wewe umekwenda kupima sufuria.” Nikamwambia anirudishie, nitaandika nyingine. Akasema Zamfira amekwishaona, na nakala ya kaboni iko mahali fulani, na mashine ile herufi zake zimesajiliwa polisi kama alama za vidole. Jioni hiyo hiyo akaipeleka mwenyewe kwa watu wa usalama. Leo kwenye ngazi hakuona haya kunieleza: kama angenyamaza, mtu mwingine angeipeleka, na katika mambo haya anayefika wa pili ndiye mkosaji. Ana watoto watatu. Sikumtukana.

Jana saa nane mchana niliitwa kwao, chumba namba 12. Afisa alikuwa mpole, amechonga penseli zake zote. Hakuuliza kuhusu nambari hata moja. Aliweka kadi mezani akauliza ni mwandiko wa nani.

Sasa nakuambia lile ambalo nimelizungusha tangu mstari wa kwanza. Nilisema ni mwandiko wa Baba. Nilisema alikuwa mpima mizani kabla yako, kwamba alifariki Februari 1978, na kwamba nilikuta kadi katika karatasi zake. Unajua kwa nini ilinijia haraka: alitufundisha sote wawili tarakimu kwa makaa juu ya mifuko ya mbegu, na sita yako ni sita yake. Afisa aliandika jina la Baba polepole, akaniuliza herufi zake. Nimeandika habari miaka yote hii na sijawahi kumpa marehemu neno ambalo hakulisema.

Halafu akainua kadi kuirudisha kwenye faili, na kutoka upande wangu nikaona mgongo wa kadi. Wewe uliiandika kwenye fomu ya mapokezi iliyokatwa nusu. Chini pembeni, kwa herufi ndogo kama za ile tanbihi, pameandikwa mwaka wa toleo: 1985. Yeye alikuwa anatazama uso wa kadi. Akailaza hivyo hivyo, akafunga kamba ya faili. Tangu jana nikisikia lifti nahesabu ghorofa. Naogopa, Silviu. Sikuwahi kukuandikia neno hilo.

Atakayeigeuza Jumatatu ghalani kwako atakuta marehemu aliyeandika kwenye fomu ya miaka saba baada ya kuzikwa, na atakutaka uandike mia, kisha hamsini na sita, mbele yake. Kwa hiyo nitatangulia. Nitasema nilidanganya kwa woga, kwamba kadi ni yako, kwamba nilikuuliza kuhusu kukausha mahindi na sikukuambia kitu kingine. Hilo la mwisho ni kweli tupu. Lishike hilo, usiongeze wala usipunguze, na usiwaze kubadili mwandiko.

Kama unaona ni afadhali ninyamaze, mpe Filofteia neno kesho Alhamisi, kabla ya treni ya saa saba. Nisipopata neno, nitajua umekubali.

Nisalimie majirani wanaoniulizia. Aneta asimwambie Mama lolote hadi uwe umerudi nyumbani Jumatatu.

Ijumaa tarehe 21, saa tatu asubuhi, nitakuwa chumba namba 12. Nitaomba kadi, niigeuze mwenyewe.

Dada yako,
Leontina