Nani Aliamuru Basi Lipite kwa Mama Hajek

Jumanne, 14 Februari

Jana kikao cha bodi ya shule. Masaa matatu na nusu! Makalio yamekufa ganzi. Tuko wajumbe watano, na mimi peke yangu niliyeishia darasa la nane. Watu walinipigia kura kwa utani, nami nikakubali kwa utani. Sasa ni mwaka wa tatu, utani umeota mizizi.

Bi Maddox, mkurugenzi wa shule tuliyemleta kutoka mjini Omaha, alikuwa anasoma ripoti yake. Nikamkatiza. Kwenye basi namba nne, ni kiti gani kimetoboka springi? Mimi nimeendesha basi lile miaka thelathini na moja, ninajua. Yeye hakujua. Ukumbi ukacheka. Raha!

Leo asubuhi kagonga mlangoni kwangu, viatu vinang'aa kama sahani ya harusi. Sisi tuna tope la kutosha. Tutaviona mwezi wa tatu, barafu ikiyeyuka.

"Kiti cha tisa, upande wa kushoto, Mzee Sedlacek. Kimeshashonwa. Ila siku nyingine nipigie simu kabla ya kikao. Nami sitakushtukiza wewe."

Kaniachia karatasi. Upande huu kazi za bodi, upande ule kazi zake. Bodi inasema watoto wafike salama, yeye anasema basi lipite wapi. Mke wangu Ardith kaibandika kwenye friji. Mgeni kala kolachi tatu, vile vimkate vya Ardith vya plamu. Mtu anayekula kolachi tatu hawezi kuwa mbaya kabisa.

Alhamisi, 2 Machi

Kahawa kwenye ghala la ushirika. Nimekaa na Duane Kubicek, mwenyekiti wetu. Akaingia Leona, mjumbe mwenzetu — akakaa meza ya pili, akatupa mgongo! Ndiyo sheria: wajumbe watatu wakikaa pamoja hicho ni kikao, na kikao kitangazwe kwanza gazetini. Basi Leona akawa anausimulia ukuta habari za goti lake, na Duane anauambia ukuta pole.

Akaja Lonnie, dereva wa njia ya kaskazini. Nilimfundisha kazi mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini watoto wa Mama Hajek watembee nusu maili kwenye baridi mpaka barabara kuu. Si uingie mpaka mlangoni?

"Ramani ya mkurugenzi inakataza, mzee."

"Ramani haijawahi kushika usukani. Pita. Mimi ndiye bodi."

Mimi ndiye bodi! Nikatoka pale natembea kama jogoo.

Jumatatu, 6 Machi

Barafu imeyeyuka ghafla. Basi limezama kwenye njia ya Mama Hajek. Mpaka ekseli! Watoto kumi na tisa ndani, masaa mawili. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Waliimba muda wote, nusu ya nyimbo si za kanisani.

Nilikwenda na trekta. Bi Maddox alikuwa kashafika, kabeba vitoto viwili vya chekechea, kimoja kila mkono. Kiatu chake kimoja kimebaki kwenye tope mpaka sasa. Akanipita na soksi. Nilitaka kusema neno. Nikasema, "Tope zuri hili, litafaa mahindi."

Mjinga mimi.

Jumatano, 8 Machi

Mji mzima swali moja: nani aliamuru basi lipite kule? Gazeti limemuuliza Bi Maddox. Kajibu kwamba mabasi ni dhamana yake, lawama apelekewe yeye. Basi. Hakumtaja Lonnie.

Nilimfuata Lonnie gereji. Akanyanyua kichwa kutoka kwenye injini.

"Alinihoji siku ileile, nikamwambia kila kitu. Jina lako pia. Samahani, mzee."

"Akasemaje?"

"Akasema asante kwa kusema kweli. Akaenda kutafuta kiatu."

Kwa hiyo anajua! Siku mbili anajua, na amenyamaza. Heri angenitukana.

Jioni Duane kaja, kaegemea ua. Jumatatu tunapigia kura mkataba wa mkurugenzi. Yeye na mwenzake mmoja hawamtaki tena, Leona na mwingine wanamtaka. Nimebaki mimi.

"Mkurugenzi gani hajui basi lake liko wapi, Emil? Wewe dereva, unaelewa."

Ninaelewa, ndiyo. Kupita kiasi.

Nikamwambia Ardith nitapiga kura ya ndiyo, ninyamaze, yaishe. Akaendelea kumenya viazi.

"Kura yako haitamsafisha mkurugenzi. Watasema bodi imemkingia kifua mzembe. Kila mvua ikinyesha watamkumbusha."

Miaka hamsini na mbili ya ndoa, sijawahi kumshinda jikoni.

Jumamosi, 11 Machi

Leo nimeisoma ile karatasi. Kweli nimeisoma. Ardith kaandika juu yake mayai, sabuni, chumvi ya mawe. Chini ya chumvi: mjumbe mmoja peke yake hana amri juu ya mfanyakazi yeyote. Ilikuwepo tangu Februari, kila nikifuata maziwa inanitazama!

Nikampigia simu Bi Maddox. Mara ya kwanza tangu aje.

"Nakupigia kabla ya kikao, kama ulivyotaka. Jumatatu nitauliza swali."

"Swali gani, Mzee Sedlacek?"

"Nani aliamuru basi lipite kwa Mama Hajek."

Nikamsikia akifunga mlango.

"Jibu unalo?"

"Ninalo."

"Hulazimiki kufanya hivyo kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya kiatu."

Akacheka. Au alipiga chafya. Simu yetu mbovu.

Jumatatu, 13 Machi

Naandika nyuma ya ajenda. Mapumziko ya dakika kumi. Ukumbi umejaa mpaka wengine wamekalia ngazi.

Wazazi wanapanga foleni kwenye kipaza sauti. Dakika tatu kila mtu, kisha ile saa ya jikoni yenye umbo la kuku inalia, Duane anasema anayefuata. Sita wameshasema. Watano wanataka mkurugenzi aondoke leo hii. Wa sita alikuwa Mama Hajek. Kashika kofia kwa mikono miwili, anaomba radhi kwa kuishi mbali. Anaomba radhi! Yeye!

Nikainuka mezani, nikaenda kujiandikisha kwenye orodha ya wananchi. Mstari wa saba.

Duane kanifuata mbio. "Emil, unafanya nini? Wewe mjumbe, wewe unasemea mezani."

"Mezani nasema kama bodi. Hili nililifanya kama Emil."

"Ulifanya lipi?"

Nikamalizia kuandika jina langu. Rangi ikamtoka, nadhani kaona mwenyewe.

Lonnie yuko mlangoni, hakai. Ardith safu ya mbele, mkoba magotini, kama yuko kwa daktari wa meno. Bi Maddox yuko kitini kwake. Leo kavaa mabuti ya mpira. Kanitazama, kachukua kalamu, kaifunika, kaiweka chini.

Mapumziko yameisha. Nilikuwa na mzaha wa kuanzia, umenitoka kichwani. Jina langu limeitwa. Duane anamkaza kuku, nami naweka kalamu, naenda kulijibu swali langu —