Mawe Mawili Kwenye Ramani

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Kukudanganya nilizoea, kukwambia kweli ndiko kunakonishinda.

Unakumbuka jioni ile niliporudi nyumbani Ngamiani na wino vidoleni, nikakueleza jengo la ofisi za kampuni ya mkonge? Nilikuchorea kwa kidole kwenye unga uliokuwa ukiuchekecha: ghorofa sita, mapezi ya zege ya kukinga jua, lifti katikati. Ulicheka, ukauliza ni mwehu gani atakayekubali kufungiwa ndani ya kabati apandishwe juu. Kisha ukauliza kiwanja kiko wapi. Nilipokutajia, uliacha kuchekecha.

"Si kwenye minazi ya babuyo hapo? Mwanaidi yuko pale."

Dada yangu Mwanaidi, kifungua mimba wako, aliyekufa kabla hajatambaa, kabla mimi sijazaliwa. Mlimzika mnazini, mkamwekea mashahidi wawili, jiwe la kichwani na la miguuni. Baadaye shamba likauzwa, nanyi mkahama.

"Waonyeshe alipo nduguyo," ulisema. "Mie sitaki kingine."

Sikuwaonyesha, mama.

Kazi yangu ilikuwa kunakili ramani za msanifu kwa wino. Kwenye ramani ya mpimaji mawe yale yalikuwepo, vijiduara viwili, bila neno. Msanifu aliweka penseli juu yake akaniuliza, "Haya mawe ni ya nini?" Nikamjibu, "Mawe tu, bwana." Lifti alikuwa ameshaipanga pale pale, na ghorofa zote sita zimeizunguka. Mimi nilikuwa Mwafrika pekee mle ofisini mwenye meza yake. Niliogopa kuonekana mswahili wa makaburi, nirudishwe kuchemsha chai. Nikanakili ramani, vijiduara nikaviruka.

Siku ya kuchimba shimo la lifti nilijitia homa. Ulinikanda kwa kitambaa cha maji, ukanipikia uji wa pilipili manga, nami nikaunywa. Mpaka leo sijamuuliza mtu walichokikuta.

Jengo lilipokwisha uliniuliza kama wamemwacha. Nikakupeleka uani, nikakuonyesha kitalu cha maua kando ya ukuta. "Huyu hapa, mama. Wamemjengea kabisa." Ulilia, ukaniombea dua ndefu ambayo bado inaniwasha. Tangu hapo kila Alhamisi alasiri ulikuja na kishada cha majani ya rehani na kopo la maji, bawabu akakufungulia, ukasoma Fatiha juu ya udongo mtupu. Mimi nilikuona kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, tulikohamishia ofisi yetu. Siku moja uliinua uso ukanipungia mkono. Nilirudi nyuma kama mwizi.

Wewe umekwenda mbele ya haki, lakini Alhamisi hazijaondoka. Ikifika alasiri sikio langu linasimama lenyewe, nasikia viatu vyako vikikwaruza uani, nasikia maji yakimwagwa. Nachungulia. Hakuna mtu, rehani imekauka. Lifti sijawahi kuipanda. Wenzangu wananitania kwamba naogopa kabati.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la wiki iliyopita. Kampuni inataka kuongeza jengo upande wa uani. Kwenye ramani, ukuta mpya ulipita juu ya kitalu chako. Msanifu, yule yule, aliniita: bawabu amemwambia kuna bibi alikuwa akisali pale. Je, ni kaburi?

Ningesema nini? Niseme hapana, wang'oe mahali uliponyeshea machozi yako? Nikasema ndiyo, bwana, ni kaburi la dada yangu.

Hakukasirika. Alichukua kifutio, akafuta ukuta, akauchora tena umepinda ukikizunguka kitalu. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi.

"Mambo haya uniambie mapema," alisema. "Kwenye karatasi hakuna kigumu."

Nilirudi mezani kwangu, nikaunakili ukuta uliopinda kwa wino.

Basi, mama, ukuta mzima umepindwa kwa heshima ya udongo usio na mtu, na Mwanaidi yuko alikokuwa. Sikuombi radhi mimi. Wewe ulizoea kunisamehe kabla sijaomba. Niombee radhi kwake.

Alhamisi sasa nashuka mwenyewe. Nasimama mbele ya mlango wa lifti, nasoma Fatiha kimoyomoyo, na watu wananipisha wakidhani naisubiri.

Mwanao,
mdogo wake Mwanaidi