Supu ya Hajja

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Hajja amekula! Bakuli zima, kisha akaomba mfupa anyonye. Wiki tatu mama huyu mzee wa bosi alikuwa akitema kila kitu — kuku wa friza, nyama ya supamaketi, hata mkate. Juzi Madam, mke wa bosi, alilia jikoni nami nikashindwa kunyamaza. Mdomo wangu huu! Nikamwambia nyama yenyewe ndiyo mbaya, mnyama alifungiwa ndani akilishwa punje tu. Baba yangu alikuwa na bucha kwetu Marigat, nayajua haya. Leo dereva wetu Hezron akanipeleka sokoni Al-Mahjar kwa Msudani auzaye kondoo wa malisho, wa mashamba ya huko juu Taif. Nyama nyekundu sana, mafuta kidogo na magumu. Ilipochemka nikasikia harufu ya kwetu.

Mkataba wangu wa kazi za ndani unaisha tarehe ishirini, nirudi kwetu. Nitaondoka nimefanya jambo jema.

Jumatatu, 6 Oktoba

Hajja ametembea hadi dirishani bila kushikwa. Anasema usichanani mwake alichunga kondoo mwenyewe, na nyama ile haikuhitaji viungo. Madam naye amekuwa mwalimu! Wageni wakija anawaeleza: nyama ya malisho haina mafuta mengi, haina madawa, mfugaji wa karibu anapata riziki, na unajua unakula nini. Maneno yangu yote! Nilicheka nikiwa nimebeba sinia.

Nimeongea na binti yangu Joy kwa simu. Ana miaka minne. Priscah, dada yangu anayemlea, ndiye anayeitwa mama. Mimi ananiita anti. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bosi amekuja kutoka Riyadh, anakofanya kazi. Kamkuta mamake mezani, akanishukuru mbele ya watu wote. Nikaona ndiyo nafasi, nikauliza viza yangu ya kutoka, maana ni yeye tu awezaye kuiomba. Akacheka kwa upole — afadhali angenitukana. Safari mafi, hakuna kusafiri. Hajja hali kwa mkono wa mtu mwingine, kwa hiyo nibaki mwaka mmoja, inshallah. Ikama, kibali changu cha kuishi hapa, ameshaifanya upya. Halas, imekwisha.

Mwaka! Nimejifungia chooni nikafungua bomba wasinisikie. Ningenyamaza tu siku ile, ningekuwa nafunga begi.

Jumapili, 12 Oktoba

Hezron kasema: "Jerusha, si ununue tu ile mbaya? Asipokula watakuona huna maana, wakuachilie." Nikamwita mshenzi. Lakini tangu saa hiyo sijawaza kingine.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimempita Msudani. Alinipungia mkono. Nikaingia duka la pili, nikanunua nyama laini iliyopauka, mafuta mengi. Hezron hakunitazama njia nzima.

Nimeitia iliki na ndimu kavu nyingi, Madam asiitambue. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hajja alionja kijiko kimoja tu. Akamwambia Madam akamletee maji. Tulipobaki wawili akauliza, hii si ya Taif? Nikachota kijiko cha pili. Akauliza, mtoto wako anaitwa nani? Nikasema Joy, nikaanza kulia. Akanifuta machozi yeye — yeye! — kwa pembe ya shuka. Akasema yeye asipokula, hawatakuwa na sababu ya kunishika. Kisha akafumba mdomo.

Nimembembeleza. Nimempigia magoti. Amegeukia ukutani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hajala tangu jana. Chai pia amekataa. Asubuhi alijaribu kukaa, akaanguka tena kwenye mto wa kitanda.

Madam amempigia Bosi Riyadh, akilia. Nimesikia mwenyewe: huyu naye hana faida tena, mtafutie viza arudi kwao. Arudi kwao! Neno nililoliombea miaka miwili. Nilisimama na ufagio, sikusikia furaha hata kidogo.

Nikaenda kwake. Nikamwambia wamekubali, sasa ule, tafadhali Hajja. Akatikisa kichwa. Bado hawajakuandikia karatasi, anasema. Ukinipikia leo nikala, kesho watabadili.

Na ni kweli watabadili. Nawajua.

Hezron ameingia jikoni sasa hivi, akaweka mfuko mezani, akatoka. Ni bega la kondoo wa Msudani.

Nimeteleka sufuria. Naandika nimesimama. Maji yameanza kuchemka, na nyama bado imo mfukoni. Madam anaita kutoka juu, anasema niende haraka, Hajja haitiki —