Nahodha Mstaafu ni Mimi

Shangazi Winifred mpendwa,

Nisaidie kabla ya Jumatano, maana Jumatano jioni kuna mdahalo wa wagombea kwenye ukumbi wa kanisa, na mume wangu ameapa kwamba atasimama mbele ya watu wote wa Marlesby amuumbue rafiki yake wa tangu utotoni kwa kosa nililolifanya mimi, na nikinyamaza mtu asiye na hatia ataaibika, na nikisema sijui nitalala wapi, kwa hiyo majina yetu tafadhali uyabadilishe.

Mume wangu Trevor alistaafu kazi ya reli, na tangu siku hiyo kazi yake ni nchi. Akiamka anafungua gazeti lenu na kunisomea kwa sauti kutoka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo, hata ukurasa wako Shangazi anausoma, ila huo anausoma kwa kubana pua, halafu anaingia mtandaoni na kumwaga maoni chini ya habari zenu kwa jina la Simba wa Marlesby, kuhusu Ulaya, kuhusu boti za wahamiaji, kuhusu wazee kunyimwa pesa za kupasha nyumba joto, kuhusu nani ameiuza nchi na kwa bei gani. Mimi nikitia neno, hata moja, ananiambia, "Glenys mpenzi, haya mambo mazito, wewe tuletee chai." Nami naleta.

Basi siku moja ya mvua nikafungua akaunti yangu. Nikajiita Nahodha Mstaafu, mimi ambaye hata feri inanitapisha, nikamwandikia, "Bwana Simba, takwimu zako umezitoa wapi, kwenye chupa?" Shangazi, alinijibu! Aya tatu! Akaniambia, "Ndugu Nahodha, ingawa umekosea, hoja yako inastahili kufikiriwa." Kwenye ndoa yetu yote hajawahi kufikiria hoja yangu, hata ile ya paa kuvuja, mpaka lilipovuja. Kuanzia hapo tukawa tunararuana kila asubuhi, yeye sebuleni, mimi jikoni nikingoja birika lichemke, na wakati wa chakula cha mchana ananisimulia alivyomkomesha Nahodha, na akikwama ananiuliza, "Unadhani yule mjinga atajibu nini?" nami namwambia, naye anatikisa kichwa, "Wewe huwajui wanaume wa baharini." Niseme ukweli, sijafurahi hivi tangu tuoane.

Kilichoniponza ni kutaka kushinda. Mwezi uliopita alinizidi kwenye suala la Ulaya, watu wakammiminia vidole gumba, damu ikanichemka, nikaandika kwamba huyu Simba anayenguruma kila siku Ulaya ife amejipatia pasi ya kusafiria ya Ireland, nchi ambayo bado imo Ulaya, kwa kupitia nyanya yake mzaliwa wa huko, ili asipange foleni na Waingereza wenzake pale uwanja wa ndege wa Alicante, Hispania. Na ni kweli tupu, pasi imo kwenye droo ya soksi. Mji mzima, unaojua vizuri Simba ni nani, umecheka mpaka basi. Baa wanamwekea bia nyeusi ya Kiairishi kabla hajaagiza, na tarishi anampigia mluzi wa nyimbo za Dublin akileta barua.

Sasa Trevor anasema siri ile ilijulikana na mtu mmoja tu duniani, Derek, rafiki yake huyo wa utotoni, kwa sababu Derek ndiye aliyetia sahihi nyuma ya picha zake za pasi kama shahidi. Mimi sikuhesabiwa. "Glenys? Glenys hata redio hawezi kuiwasha." Derek alifiwa na mkewe Pauline wakati wa Pasaka, na tangu hapo kila Jumapili alikuwa anakula kwetu, nyama ya kuoka na viazi, mpaka Jumapili ile Trevor alipomzuia mlangoni akamwambia, "Kwaheri, Nahodha." Derek akageuka akanitazama mimi, akasema, "Glenys, huyu ana nini leo?" Nami nikamwambia naona mvua inakuja. Wiki iliyofuata nikamwona ndani ya gari lake ufukweni, ameegesha kuelekea bahari, anakula sandwichi peke yake, wipa zinakwenda. Simu ya Derek ni ya vibonye, Shangazi, mtandaoni hajawahi kuingia.

Nimefikiria kumuua Nahodha. Tangazo nimeshaliandika: amefariki kwa amani huko Ureno, familia haihitaji maua. Je, litatosha? Ningependa yaishe kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo kura yenyewe ya uchaguzi mdogo, na mimi Alhamisi zangu ni za kucheza bingo kule Skegness, sijapiga kura tangu basi la bingo lianze, na Trevor naye hapigi tangu vituo vianze kudai kitambulisho, anasema mtu huru haonyeshi kitambulisho katika nchi aliyozaliwa.

Wako niliyeshikwa pabaya,
Mke wa Simba

SHANGAZI WINIFRED ANAJIBU

Mke wa Simba,

Pole, ila chukua nusu tu. Nusu nyingine namwekea Derek.

Nahodha hafi. Mhariri wangu, aliyekuwa akichungulia barua yako begani kwangu, alikaribia kulia, maana wewe na mumeo ndio mnaotuletea wasomaji wa mtandaoni. Mimi nina sababu yangu. Ukimzika Nahodha leo, Trevor ataamka kesho na kuutangazia mji kwamba Derek ameogopa akajificha. Utakuwa umemzika Derek, na maua hutaki hata yaletwe.

Unalalamika mumeo hakukuhesabu. Ni kweli, na aibu ni yake. Lakini wewe ulikuwa na hoja nzuri, ukaziacha ukakimbilia droo ya soksi. Ndivyo siasa ya nchi hii ilivyooza, mama: mtu akizidiwa kwa hoja, anafukua soksi za mwenzake. Ulimpata mumeo anakusikiliza kwa mara ya kwanza, ukaona haitoshi, ukataka na kumwangusha.

Hata hilo ningekusamehe. La mvua sikusamehe. Mtu aliyefiwa amesimama mlangoni kwako, jibu unalo mdomoni, na wewe unampa habari za hali ya hewa! Mtandaoni unamrarua simba, kizingitini kwako unaogopa sahani zisigongane. Halafu unaniuliza kama tangazo la kifo litatosha.

Na nyinyi wawili, nilipofika mwisho wa barua ilibidi nivue miwani. Mnaigombania Uingereza kila asubuhi, mnawafukuza kazi mawaziri kabla birika halijachemka, na kura hampigi? Wewe una bingo. Yeye mwenye pasi mbili nyumbani hana cha kuonyesha! Alhamisi hakuna bingo. Mtakwenda kituoni pamoja, naye achukue pasi yoyote apendayo. Ile ya Ireland nayo inakubalika, nimeulizia.

Jumatano usiingoje. Kesho ni Jumapili. Derek aje ale, na kabla viazi havijatoka kwenye oveni umwambie wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kwamba Nahodha ni wewe. Umwombe radhi yeye kwanza. Mumeo atasubiri zamu yake, amezoea kungoja majibu yako.

Umeniomba nibadilishe majina, na nimeyabadilisha. Lakini Marlesby ni mji mdogo, na bia nyeusi zile zimeonwa na kila mtu. Halafu ulikuwa unajua vizuri gazeti hili linasomwa wapi, na nani, na kwa sauti gani. Mtu anayetaka siri yake ikae anaandikia gazeti la mbali. Wewe umeniandikia mimi. Nadhani umechoka kujibiwa kama mwanamume wa baharini, na ulitaka maneno yako yasikike mara moja mezani kwako, hata ikibidi yapite mdomoni mwake.

Basi na wewe bwana unayesoma, uliyeanza kwa kubana pua na sasa umeiachia. Jina lako nimelificha, lakini unajijua. Usingurume. Mtazame aliyekaa mbele yako, kuna hoja yake moja ya Ulaya hujaijibu hadi leo. Mpigie Derek. Kisha nenda jikoni, uchemshe chai wewe mwenyewe, na kesho uwe umeshajua vikombe vinakaa wapi, maana utahitaji vitatu.