Nyeusi, Nyeupe, na Kamba Aliyobaki Nayo Mama Yako

Gidamis, rafiki yangu,

Sikuulizi hali, maana huko uliko sijui watu wanajibu nini wakisalimiwa. Nakuandikia kwa sababu nimejaa kinyaa na hapa Katesh sina wa kumwambia. Nikimwambia mke wangu, anasema niache, ni gemu tu. Nikiwaambia vijana wa banda letu la gemu, wanageuza maneno yangu kuwa ubishi mwingine. Wewe ungenisikiliza mpaka mwisho, ukacheka kidogo kwa pua, halafu ukaniambia nikae chini kwanza.

Kinyaa chenyewe kilianzia kwenye maziko yako. Tulikuwa kwenu Hirbadaw, udongo bado unarudishwa, mama yako amekaa chini na wanawake wenzake. Nyuma yangu nikasikia vijana wetu wananong'ona, wale wale uliowafundisha kushika pedi za kuchezea. Nikadhani wanasali. Kumbe wanabishana. Mmoja anasema sasa banda litaleta Nyeusi, mwenzake anasema thubutu, ni Nyeupe, Nyeusi imepitwa. Juu ya kaburi lako, Gidamis. Mkononi nilikuwa na koleo, na kwa muda mfupi nilijua vizuri pa kulipeleka. Nikaendelea kurudisha udongo.

Ubishi wenyewe unaujua, uliuanzisha wewe na mimi. PS yetu ya zamani ilikuwa imechoka, jicho lake halisomi CD mpaka tuigeuze juu chini kama mtoto mwenye kwikwi. Mashine mpya zilikuwa zimeanza kufika mjini: Nyeusi, yaani PS three, mtoto wa hii yetu, na Nyeupe, eksiboksi, ya ukoo mwingine kabisa. Mimi nilikuwa wa Nyeupe. Nilikuwa nimeiona Babati, dirishani kwa muuzaji, picha yake safi mpaka unaona jasho la mchezaji. Nikaja nikakusifia kutwa nzima. Ukanisikiliza huku unasafisha CD kwa shati lako, kisha ukasema, "Wewe Mmbulu, unanunua ngozi. Uliza kwanza mama yake ni nani."

Nilikasirika, lakini ulikuwa umenimaliza. Nani kati yetu angenunua mtamba kwa uzuri wa ngozi bila kuuliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani? Nyeusi mama yake tunamjua, tumeishi naye. Tukakubaliana Nyeusi, tukapeana mikono, na siku chache baadaye ukaenda nyumbani kusaidia kunywesha ng'ombe, homa ikakukuta huko. Hukurudi.

Sasa sikia walichofanya.

Unakumbuka siku uliyoniletea ile PS ikiwa kwenye gunia la salfeti. Ulikuwa umeuza dume lako mwenyewe, na Hirbadaw umeme ulikuwa haujafika, ukaja nayo kwenye chumba changu pale nyuma ya stendi. Ukaiweka mezani ukaniambia, "Nimekuletea ng'ombe. Maziwa yako, ndama wangu." Nilicheka, lakini nilielewa, maana hata kwetu Mbulu ndivyo watu wanavyowekeana mifugo. Unampa rafiki ng'ombe amtunze, yeye anakunywa maziwa, na akizaa, ndama ni wako. Basi tukaishi hivyo. Watoto walipokuja kucheza, kilichopatikana kikanilisha mimi, na tulichokuwa tunaweka pembeni kwa ajili ya mashine mpya tukakiita ndama. Ulikuwa utani wetu, na ulikuwa pia kweli.

Kosa langu ni kwamba utani huo niliusimulia msibani. Wazee walikuwa wananiuliza wewe na mimi tulikuwa na nini, nikawaeleza kwa lugha wanayoielewa. Nilitaka kukuheshimu. Kaka yako mkubwa alikuwa amekaa pale na fimbo yake, kimya, nikaliona sikio lake likisimama.

Kaka yako, ambaye miaka yote aliita banda letu choo cha wavivu. Ambaye ulipouza dume ukanunua PS hakukusemesha mpaka mvua zikaisha. Huyo huyo, wiki chache tu baada ya kukuzika, aliingia bandani na wazee wawili. Nikawasalimu shikamoo kama inavyotakiwa, nikawapa viti, watoto nikawatoa nje. Akasema kwa upole wa kuchukiza kwamba amekuja kumpeleka ng'ombe wa marehemu nyumbani pamoja na ndama wake, ili ukoo uamue. Wazee wakaniangalia. Ningesema nini? Kwa maneno yangu mwenyewe, mama na ndama ni wako, na vyako ni vya ukoo. Nikafungasha PS, nyaya na pedi, nikampa na akiba yetu. Akapokea, akaniambia pole.

Mashine kama mashine isingeniuma hivyo. Ila mle ndani ilibaki memori kadi yako. Timu yako iko humo, Gidamis, ile uliyoijenga tangu mwanzo na kuipa jina la Hanang, ukafuta majina ya wachezaji wote ukaandika ng'ombe wa baba yako. Golini Mlima, kwa sababu hatikisiki. Pembe Moja kushoto. Madoa mbele, mbishi, anakimbia mpaka watoto wanasimama. Uliyaandika kwa Kiswahili ili niyatamke nikitangaza mpira, maana kwa lugha yenu nilikuwa nayavunja na wewe unaumia. Kila kingine chako naona kimekwisha kugawanywa. Shati alichukua mtu, fimbo akachukua mtu. Kilichofanywa na kichwa chako na vidole vyako kilikuwa ndani ya kile kidubwana cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, nami nikakiacha kiende.

Niliomba nikitoe kabla hawajapanda gari. Kaka yako akasema kitu kikiondoka nyumbani kwa mtu kinaondoka kizima.

Ukoo ukakaa, ukaamua akiba ile inunue mashine mpya. Mimi niliitwa nikaulizwa, nikasema Nyeusi, na nikasema ni wewe uliyesema hivyo. Kaka yako akawaambia wazee kwamba marehemu alikuwa mtoto na mimi ni mfanyabiashara. Akaenda Babati peke yake. Muuzaji, mtu mmoja mwenye maneno laini, akamwekea zote mbili juu ya kaunta. Na kaka yako, mfugaji aliyezeeka na ng'ombe, akafanya nini? Akazipima kwa mkono. Akainua Nyeusi, akaitua. Akainua Nyeupe pamoja na lile tofali lake la umeme linalokaa kwenye waya, akaona ni nzito zaidi. Mnyama mwepesi ana njaa. Akachukua Nyeupe, na PS yako akamwachia muuzaji kama nyongeza, mama aliyechoka wa kwenda kuchinjwa. Nasimulia kama alivyonisimulia mwenyewe, kwa fahari, kidevu juu.

Wewe ulinifundisha kuuliza mama wa mnyama. Mwenye damu yako akanunua tofali.

Akaileta kwangu nimfugie. Ndiyo, alitaka yale yale mapatano, maziwa yangu, ndama wake. Nilikubali kwa sababu nilifikiri huenda kadi ingali imesahaulika kwenye mzigo. Haikuwepo. Nikamuuliza kidogo kidogo, akasema hajui kadi, muuzaji alichukua kila kitu. Nikapanda gari mpaka Babati, muuzaji akaniambia ile PS imeshatoka, ilienda Singida, na kwamba ilipofika kwake haikuwa na kadi yoyote. Sikumwamini. Nilirudi Katesh mikono mitupu.

Ungeliona banda sasa ungeondoka. CD zetu zote, lile kasha zima, Nyeupe inazitema. Ilikuja na gemu moja ya bunduki, watu wanapasuka vichwa, damu inaruka mpaka kwenye kioo cha TV ya chogo. Mpira hakuna. Vijana wanaingia, wanauana, wanatoka macho mekundu, hakuna anayecheka. Na ubishi haujaisha, umekuwa chama. Kundi la Nyeusi halipeani salamu na kundi la Nyeupe. Wengi hawajawahi kuigusa hata hiyo Nyeusi wanayoitetea, wameiona kwenye karatasi ya gazeti lililofungia sukari. Kuna mmoja ameandika ukutani, juu ya sheria yetu ya zamani ANAYESHINDA ANABAKI, maneno ya kumtukana mama wa mwenzake kwa sababu ya mashine iliyotengenezwa na watu wasiojua kama Katesh ipo. Niliyafuta kwa majivu. Sheria yetu nimeiacha.

Nilikuwa nimeshaamua kufunga banda. Sikuwa na hamu hata ya kuwasha.

Halafu mama yako akaja.

Ilikuwa siku ya mnada. Alisimama mlangoni na vazi lake la ngozi na shanga zake, vijana wakasimama wote, hata wauaji. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakataa kiti. Akafungua pindo la shuka alilojitanda akatoa kitu, akaniwekea kiganjani. Kadi yako.

Kumbe siku ile mzigo ulipofika Hirbadaw, kabla haujaenda Babati, mama yako aliwakumbusha jambo ambalo sote tunalijua. Ng'ombe akiuzwa, kamba haiendi naye. Kamba inabaki nyumbani, la sivyo na wengine watafuata. Kaka yako alimcheka. Akamwambia hizi nyaya si kamba, zikipungua muuzaji hatapokea. Mama yako hakubishana naye. Alikuwa anakuona, Gidamis. Kila ulipokwenda nyumbani, isipokuwa safari ile ya mwisho, ulikuwa umechomoa kile kidubwana kwenye mashine na kukitia mfuko wa shati, hata kama ungelala siku moja tu, na ukilala unakiweka chini ya kichwa. Kwa hiyo alijua kamba ni ipi. Aliichomoa wakati wanaume wanakula.

Nikaigeuza kiganjani. Akaniuliza, "Ndiyo hii?" Nikamwambia ndiyo, mama, ndiyo hii.

Nikamtuma mtu kwa yule mwalimu wa Gendabi mwenye PS ya watoto wake, akatuazima, jioni ikiwa bado mbali. Mama yako alingoja nje, amekaa kwenye lile jiwe tulilozoea kukalia wewe na mimi. Nyeupe nikaichomoa, nikaisukuma chini ya benchi na tofali lake. Tulipowasha, nilimwita ndani, na safari hii akakaa. Nikachomeka kadi. Ilichukua muda, unajua zinavyofikiri, na mimi nilikuwa nimeshika shati langu kifuani. Kisha timu ikaja. Hanang. Nikaanza kumsomea majina, moja moja. Nilipofika Mlima akatikisa kichwa. Nilipofika Pembe Moja akasema huyo alivunjika mguu korongoni. Nilipofika Madoa akaweka kiganja mdomoni.

Sikujua, rafiki yangu. Kaka yako amewauza wote waliobaki. Madoa aliuzwa mnada uliopita, na kamba yake mama yako alikuwa ameifunga kiunoni, chini ya shuka, akanionyesha. Akaangalia kioo tena, akauliza, "Hawa bado wanakimbia?"

Nikasema wanakimbia. Nikabonyeza ili aone, kwa sababu ligi yako imesimama kwenye mechi ya mwisho, ulisevu ukaondoka. Wachezaji wakaanza kuingia uwanjani, na umeme ukakatika. Mji mzima. Unaijua Katesh. Tukangoja. Mama yako alingoja bila kulalamika mpaka gari la kurudi Hirbadaw likapiga honi, akainuka, akaniachia kadi, akasema atakuja mnada mwingine.

Baada ya kuondoka nililia, nakwambia wazi. Na nililia kwa hasira kuliko huzuni. Waliomnyang'anya mwanamke ng'ombe wa mwanawe wamelala wameshiba, wakijisifu kwamba wamechagua mashine nzito.

Kwa hiyo nakuaga na mambo mawili. La kwanza, mimi sichagui tena. Nyeusi na Nyeupe wagombanie wao, nami Nyeupe nimemrudishia kaka yako kwenye gunia lile lile la salfeti, nikamwambia mbele ya wazee kwamba sina nyasi za mnyama huyo. Mwalimu amekubali kuniachia PS yake. Inasoma CD zetu bila kugeuzwa.

La pili ni ahadi. Mechi yako ya mwisho sijaigusa na hakuna kidole cha mtu kitakachoigusa. Nitaicheza siku mama yako atakapokaa kwenye benchi lile, na nitatangaza kwa sauti ili amsikie Madoa akipokea mpira, akikimbia. Umeme ukikatika tutangoja. Sijawahi kukufunga, na sijui kama nitawaweza hao wanaokungoja kwenye mechi ya mwisho. Ila nitacheza kuliko nilivyowahi kucheza maishani, maana sheria yetu bado iko ukutani, na anayeshinda anabaki.

Lala, Gidamis. Kamba iko kwangu.

Tluway