Kisamaki kilipochangamka

Mjukuu wangu Neema,

Huku ugenini, Mount Druitt, bado tumefungiwa ndani. Shangazi yako hajambo. Bibi yako amelazwa kwa korona, na haturuhusiwi kumwona.

Umeniuliza tulijuaje kambale amekaribia. Kule bwawani, nilipokuwa mtoto, mimi na baba yangu tulinasa visamaki kwa kitenge cha mama, tukatunga kimoja kwenye ndoana kingali hai. Kilitulia muda mrefu, kisha ghafla kikaanza kurukaruka. Nikacheka: "Baba, kimepata nguvu!"

Akanishika mkono. "Hapana. Kimemwona."

Jana bibi yako, aliyekuwa hana hata sauti, alipiga simu akiimba, akamtaja kila mtoto kwa jina. Shangazi yako akacheka, akasema mama amepata nguvu. Mimi sikuweza kucheka.

Mpigie leo hii.

Babu yako