Mkono wa Kushoto wa Sabra

Baba Godi,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wa piano watafika saa nne, na mimi nimekimbilia Kichangani, kwao Sabra.

~~Kila atakayepatia mstari mpe pipi.~~

Nimefuta. Leo hakuna pipi, na usinicheke.

Unaujua mchezo wangu wa sikukuu, na hizi pipi za kigeni zilizojaa madukani. Jana Sabra alipiga kwa mkono wa kulia tu. Nikamgombeza mbele ya wenzake: "Wa kushoto umeuacha nyumbani?" Asubuhi hii, ulipokuwa unaoga, bibi yake kanirudishia pipi tatu nilizompa jana, zimeyeyuka. Kumbe mtoto amefunga, Ramadhani yake ya kwanza, akaona haya kuzikataa. Alizifumbata kwenye mkono huohuo wa kushoto. Sasa hataki kurudi.

Na mimi adhana naisikia kila siku!

Basi nikatie nyota za karatasi kutoka kwenye kalenda za zamani. Anayepatia atundike yake kwenye tawi la mvinje, mti wetu wa Krismasi, kando ya piano. Pipi zitakaa kwenye bahasha zenye majina mpaka sikukuu. Krismasi na Idi mwaka huu zinafuatana, hakuna atakayesubiri sana.

Naenda kumwomba radhi Sabra mwenyewe. Ukituona tunaingia wawili, usimwulize kitu. Fungua piano, weka viti viwili. Leo mkono wa kulia nitapiga mimi. Yeye apige wa kushoto, maana hautakuwa umeshika kitu.

Mama Godi,
mwalimu wa pipi mstaafu